Namna ya kubuni jaribio lenye ulinganisho: swali la Mpemba, hatua kwa hatua

Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliyeitwa Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, na hapo ndipo kuyaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake mmoja alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, akayamimina kwenye trei na kuwahi nafasi. Mpemba naye, kwa kuhofia kukosa, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado kama uji mzito.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya kijana aliyechekwa na mwalimu na wenzake, kisha akaja kutambuliwa. Mimi hapa nakitumia kwa kazi nyingine. Zile trei mbili hazikuwa jaribio; zilikuwa tukio la kustaajabisha tu. Zilitofautiana kwa joto, lakini pia moja ilikuwa na maziwa yaliyochemshwa na nyingine mabichi, hazikukaa mahali pamoja ndani ya friji, na hakuna aliyepima kama ujazo wao ulilingana. Mtu akiuliza ni kipi kati ya hivyo kilichosababisha tofauti, jibu la haki ni kwamba haiwezekani kujua. Kazi ya jaribio lenye ulinganisho ni kuondoa visababu hivyo kimoja kimoja hadi kibaki kile tu tunachokiulizia, na mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa friza ya nyumbani au ya maabara ya shule.

Utahitaji friza, kikombe kimoja cha stili, mizani ya jikoni inayosoma hadi gramu moja, kipimajoto kimoja cha maji na kingine cha kukaa ndani ya friza, saa, chupa ya chai, chupa ya kioo yenye kifuniko, beseni, sufuria, kipande cha ile foamu nyeupe inayofungashiwa televisheni, shilingi ya kurusha na daftari. Usitumie bilauri nyembamba, kwa sababu hupasuka maji ya moto yanapokutana na baridi kali.

Hatua ya kwanza: andika swali linaloweza kupimwa

Swali la "je, maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi?" lina matundu matatu: moto kiasi gani, baridi kiasi gani, na kuganda maana yake nini. Mpemba alipokuwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea, kuhusu vyombo viwili vyenye ujazo sawa wa maji, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100. Angalia jinsi swali hilo lilivyokwisha kuziba matundu mawili ya kwanza. Wanafunzi wengi wa vyuo hawafiki hapo katika rasimu yao ya kwanza.

Tundu la tatu ndilo gumu zaidi, na ndipo majaribio mengi ya jambo hili yalipoharibikia. Kuganda kunaweza kuwa na maana ya maji kufikia nyuzi 0, au kuonekana kwa chembe ya kwanza ya barafu, au maji yote kuwa barafu, na mambo hayo matatu hayatokei pamoja. Maji safi yaliyotulia yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki maji. Huenda umewahi kutoa chupa kwenye friza ukaiona ina maji kabisa, kisha ulipoigonga mezani ikajaa theluji mbele ya macho yako. Kwa hiyo anayepima muda wa kufika nyuzi 0 na anayesubiri chembe ya kwanza ya barafu wanajibu maswali mawili tofauti, na wakipishana hakuna aliyekosea.

Ninapendekeza kipimo cha nne, kilicho rahisi na kisichohitaji kufungua mlango wa friza kila baada ya dakika tano: uzito wa barafu iliyokwisha kuundwa baada ya muda uliopangwa. Unatoa kikombe, unatoboa utando wa juu, unamwaga maji yaliyobaki, kisha unapima barafu. Kutoboa ni lazima, kwa sababu barafu huanzia pembeni na juu ikaacha maji katikati kama ute ndani ya yai, na usipotoboa utayapima maji hayo ukidhani ni barafu. Muda wenyewe utaupata kwa majaribio mawili au matatu ya kutafuta njia: chagua dakika ambazo maji ya nyuzi 25 huwa yameganda takriban nusu. Ukichagua muda mfupi mno vikombe vyote vitakuwa maji matupu. Ukichagua mrefu mno vyote vitakuwa barafu tupu, na pande zote mbili hutaona tofauti hata kama ipo.

Hatua ya pili: andika nadharia tete yenye uwezo wa kushindwa

Nadharia tete ni jibu unalolikisia kabla ya kupima, na thamani yake iko katika kuweza kukanushwa. Andika hivi: "Gramu 100 za maji zilizoingia kwenye friza zikiwa na nyuzi 90 zitakuwa na barafu nyingi zaidi, kwa gramu, baada ya muda uliopangwa, kuliko gramu 100 zilizoingia zikiwa na nyuzi 25." Chini yake andika matokeo yatakayokufanya uiache. Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, na anayeiruka hujikuta mwishoni akitafuta maelezo ya kila jibu linalokuja.

Hatua ya tatu: tenganisha kinachobadilishwa, kinachopimwa na kinachoshikiliwa

Kigeu huru, yaani kile unachokibadilisha kwa makusudi, ni joto la maji yanapoingia. Kigeu tegemezi ni gramu za barafu. Hayo yanachukua mstari mmoja wa daftari. Yanayobaki, yaani kila kitu kingine kinachoweza kuathiri barafu, ndiyo yatakayokutoa jasho.

Anza na maji yenyewe. Kuchemsha hufukuza hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, hivyo ukilinganisha maji yaliyochemshwa na ya bombani umebadilisha vitu viwili kwa mkupuo, kama walivyofanya wale vijana wa Magamba bila kujua. Dawa yake ni kuchemsha maji yote katika sufuria moja. Sehemu moja itie kwenye chupa ya chai ibaki ya moto. Sehemu nyingine iache ipungue moto kidogo, ijaze kwenye chupa ya kioo hadi mdomoni ili isibaki nafasi ya hewa, funga, kisha iweke ndani ya beseni la maji baridi hadi ifike nyuzi 25. Sasa yote mawili yametoka sufuria moja na yamechemshwa pamoja.

Pima kwa uzito badala ya ujazo. Maji hutanuka yakipata moto: mililita 100 za maji ya nyuzi 90 zina takriban gramu 96.5, wakati za nyuzi 25 zina karibu gramu 99.7. Anayejaza vikombe viwili hadi kwenye alama ileile amempa mshindani mmoja mzigo pungufu kwa zaidi ya gramu 3, kisha anashangaa akitangulia.

Kisha angalia chini ya kikombe. Katika friza nyingi sakafu ina utando wa barafu ya ungaunga. Kikombe cha moto kikiwekwa juu yake huuyeyusha, kikazama kidogo, na maji hayo yanapoganda tena hukishika kikombe kwa karibu kuliko kabla. Ukikinyanyua utaona duara lililochimbika. Kikombe cha baridi hukaa juu ya ungaunga huo, ambao hupitisha joto vibaya. Tofauti hiyo peke yake yaweza kumpa ushindi kikombe cha moto, na haina uhusiano wowote na tabia ya maji. Ndiyo sababu Mpemba na Osborne, katika vipimo walivyovichapisha mwaka 1969 kwenye jarida la Physics Education, waliweka vyombo vyao juu ya foamu. Nawe weka foamu.

Kikombe kiwe kilekile kwa kila zamu, kikaushwe na kuachwa kifikie joto la chumba kabla ya kutumika tena. Kiwekwe mahali palepale. Chora mstari kuzunguka kitako chake juu ya foamu. Friza iwe na joto lilelile kila unapoanza, tuseme nyuzi 18 chini ya sifuri, na usianze hadi kipimajoto cha ndani kisome hivyo. Vitu vingine vilivyomo, kama samaki na nyama, visiongezwe wala kupunguzwa hadi kazi iishe, jambo ambalo huenda likahitaji mazungumzo ya upole na mwenye jiko.

Uvukizi ni suala la pekee. Maji ya moto hupoteza gramu kadhaa kwa mvuke, na yaliyobaki huwa machache. Je, hilo ni kosa la kurekebishwa au ni sehemu ya jibu? Inategemea swali lako. Kwa swali tuliloliandika, mvuke ni sehemu ya yale yanayotokea kwa maji ya moto, kwa hiyo acha kikombe wazi, ila kipime kabla ya kuingia na baada ya kutoka ili ujue kilichopotea.

Hatua ya nne: weka cha kulinganisha, na jaribio tupu

Maji ya nyuzi 25 ndiyo ulinganisho wako. Bila hayo, gramu za barafu ulizozipata kwenye maji ya moto hazikuambii kitu. Kanuni hii ni ya zamani: mwaka 1747 tabibu James Lind, ndani ya meli ya Kiingereza ya Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawalaza mahali pamoja na kuwapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili na kila jozi ikapewa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka zaidi. Kwa kuwa mengine yote yalishikiliwa sawa kadiri alivyoweza, tofauti ile ilikuwa na maana.

Ulinganisho wa aina hii haujatosha. Kabla ya kugusa maji ya moto, endesha jaribio tupu, yaani zamu nne za maji ya nyuzi 25 pekee, bila kubadilisha chochote. Akili inatarajia kupata gramu zilezile mara nne. Friza haitakupa hivyo. Pengine utapata 48, 53, 45 na 51, na huo mtawanyiko wa gramu 8 ndio sauti ya friza yako yenyewe, yaani tofauti inayojitokeza pasipo sababu yoyote uliyoiweka. Tangu hapo utajua kwamba kikombe cha moto kikizidi kwa gramu 4 mara moja, bado hujaona kitu. Ningelazimika kuchagua hatua moja ambayo mwalimu asikubali kazi ya mwanafunzi bila kuiona, ningechagua hii.

Hatua ya tano: acha shilingi iamue mpangilio

Kishawishi cha kuweka vikombe viwili pamoja ndani ya friza ni kikubwa, kwa kuwa huonekana kama mashindano ya haki. Lakini kikombe cha moto humpasha jirani yake, na pia huifanya mashine ya friza ifanye kazi kwa muda mrefu zaidi, hivyo kila kimoja huingilia matokeo ya mwenzake. Endesha kikombe kimoja kwa zamu moja, na zamu mbili za siku moja zihesabiwe kuwa jozi. Kwa njia hii, kama siku ya leo ina joto kali au umeme una nguvu ndogo, pande zote mbili zimeonja hali ileile kwa kiasi kikubwa.

Zamu ipi itangulie, rusha shilingi. Usiseme utaanza na ya moto kila asubuhi kwa sababu ni rahisi, kwa maana basi "moto" na "asubuhi" vitakuwa vimefungwa pamoja na hutaweza kuvitenganisha tena. Mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alijenga hoja hii kwa uthabiti alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919. Anayejaribu mbolea kwenye shamba lenye mteremko anakabiliwa na tatizo hilihili: agawe shamba katika vitalu kufuata mteremko, na ndani ya kila kitalu apige kura kujua ni mistari ipi itapata mbolea.

Hatua ya sita: amua idadi ya marudio kabla ya kuanza

Osborne aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara ajaribu dai la Mpemba. Fundi akamletea habari kwamba kweli maji ya moto yalitangulia kuganda, lakini akaongeza kwamba wangeendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Tunacheka, ila hivyo ndivyo tunavyofanya wengi wetu: jibu tusilolitarajia tunalirudia, tunalolitarajia tunalipokea mara moja.

Amua jozi 10, siku 10, na uandike uamuzi huo. Hesabu yake ni nyepesi. Kama joto la mwanzo halina athari yoyote, kila jozi ni sawa na kurusha shilingi, na nafasi ya maji ya moto kushinda jozi zote 10 kwa bahati tu ni 1 kati ya 1,024. Kushinda 9 au zaidi ni 11 kati ya 1,024, kama asilimia 1. Kushinda 8 au zaidi ni 56 kati ya 1,024, yaani asilimia 5 na ushei. Basi jiwekee mpaka wa jozi 9. Ikitokea 8, andika kwamba ushahidi haujafika mpaka uliouweka, na usiongeze jozi mbili za "kumalizia".

Andika pia sheria ya kutupa zamu. Umeme ukikatika katikati, jozi nzima inafutwa na kurudiwa, haijalishi ilikuwa inaelekea upande gani. Sheria hiyo ikiandikwa baada ya kuona matokeo, si sheria tena.

Hatua ya saba: mpimaji asijue

Mtu mmoja aandae maji na kuweka kikombe; mwingine, ambaye hakuona mvuke, akitoe, atoboe, amwage na kupima. Mkono una upendeleo wake: ukijua hiki ndicho kikombe unachotaka kishinde, utakipindua kwa sekunde chache pungufu na matone kadhaa yatabaki ndani yakihesabiwa kuwa barafu. Kwa hiyo pangeni pia kwamba kikombe kipinduliwe kwa sekunde 10 kamili, kwa saa.

Daftari liwe na safu za tarehe, namba ya jozi, zamu, joto la maji, joto la friza, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, uzito wa barafu, na safu pana ya maoni. Andika kwa kalamu ya wino. Namba uliyoikosea ipigwe mstari mmoja ili bado isomeke.

Hatua ya nane: soma matokeo bila kuyavuta

Hesabu jozi, kisha tafuta wastani wa tofauti na uulinganishe na mtawanyiko wa lile jaribio tupu. Hitimisho lako lisivuke ulichokipima: umepima gramu 100, kikombe cha stili, foamu, friza moja, nyuzi 90 dhidi ya 25. Hujapima "maji ya moto" kwa ujumla wake.

Tahadhari hii haiwahusu wanafunzi peke yao. Katika vipimo vya Mpemba na Osborne, maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalitangulia. Mwaka 2016, watafiti Henry Burridge na Paul Linden walichapisha kazi yao nchini Uingereza wakipima muda wa maji kufika nyuzi 0, na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita 1 tu kunatosha kuleta dalili ya uongo. Wapo waliojibu kwamba kufika nyuzi 0 si kuganda, na mjadala ukarudi palepale kwenye hatua ya kwanza.

Ikiwa jozi zako zimevuka mpaka, jaribio linalofuata libadilishe kitu kimoja tu. Mpemba na Osborne waliweka tabaka jembamba la mafuta juu ya maji, wakaona kuganda kunachelewa kwa saa kadhaa, wakajua kwamba joto kubwa linapotelea juu. Wewe unaweza kuanza na kifuniko: maji yaleyale, foamu ileile, kikombe kilekile, jozi nyingine 10, na ukurasa mpya wa daftari wenye nadharia tete iliyoandikwa kabla shilingi haijarushwa.